Tagi ya jina kwa mpangilio wa kanga

Msimu wa harusi ukishika kasi hapa Dar, simu zinajaa tagi, zile picha ndogo zenye jina la bibi harusi au mama mzazi, zimerembwa maua na vivuli, na watu wanaziweka status kuanzia sendofu mpaka siku ya harusi yenyewe. Ni kazi ninayoifanya na kuipenda. Nyingi ninazoziona zina tatizo moja: jina halisomeki. Mtengenezaji kaanza na maua, kaongeza pambo la dhahabu, halafu ndiyo kalitafutia jina pa kukaa. Mimi naanza na jina, na mpangilio nauchukua kwenye kanga.

Kanga ina pindo pande zote nne, mji katikati, na maneno yake chini ya mji. Inavaliwa, inakunjwa, mwenye nayo anakatiza mtaani, na bado ujumbe unamfikia anayelengwa. Ukitaka mifano mizuri, tembea Mtaa wa Uhuru pale Kariakoo uangalie zilivyotundikwa madukani. Angalia hasa rangi. Katika uchapaji wa vitambaa kila rangi ina skrini au rola yake, kwa hiyo kila rangi ni gharama, na ndiyo maana kanga nyingi zinapendeza kwa rangi mbili au tatu tu. Nami najifunga hivyo hivyo: rangi tatu, na kila rangi leya yake, yaani tabaka lake ndani ya picha. Mteja akitaka nyekundu iwe zambarau, nagusa leya moja, kazi nyingine inabaki salama.

Natumia GIMP. Ni programu ya bure ya kuhariri picha, ilianzishwa na Spencer Kimball na Peter Mattis mwaka 1995 wakiwa wanafunzi Marekani, na haihitaji kompyuta ya bei mbaya.

Fungua turubai, yaani eneo la kuchorea, ya pikseli (nukta za picha) 1500 kwa 1100. Kanga yenyewe huwa na upana wa karibu sentimita 150 na kimo cha 110, kwa hiyo umbo utalitambua papo hapo. Ukija kuichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi, utapata stika ya upana wa karibu sentimita 12.7, inayotosha kubandikwa kwenye mfuko wa zawadi.

Sasa pindo, na hapa usiwe na haraka. Chora ua moja au korosho moja ndani ya kisanduku cha pikseli 100 kwa 100. Kwa nini 100? Kwa sababu 1500 ukigawa kwa 100 unapata 15 kamili, na 1100 unapata 11 kamili. Korosho 15 zitakaa juu, 11 ubavuni, na kila kona itapata korosho nzima. Ukichora kisanduku cha 120, upande wa juu utaishia na nusu korosho, na jicho litaiona hiyo nusu kabla halijaona jina la mtu. Ukimaliza kuchora, nakili kisanduku. GIMP inakihifadhi chenyewe kama patani ya muda, yaani mchoro wa kujirudia. Tengeneza leya mpya isiyo na rangi, chukua zana ya ndoo, ijaze leya yote kwa patani hiyo. Kisha chagua mstatili wa kati wenye pikseli 1300 kwa 900, unaoanzia pikseli 100 kutoka kushoto na 100 kutoka juu, ufute. Umepata pindo, na mji uko wazi.

Korosho hiyo ichore mwenyewe, hata kama mkono bado mzito. Picha unayoiokota mtandaoni ina mwenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda. Tena korosho yako hakuna mwingine atakayekuwa nayo.

Jina liandike kwa herufi kubwa, nene, zisizo na mikia. Fonti za kuandika kama kwa kalamu ya harusi zinavutia kwenye kompyuta, lakini kwenye simu R na N zinafanana. Ili herufi zijitenge na rangi ya nyuma, geuza maandishi yawe eneo lililochaguliwa, panua eneo hilo kwa pikseli 6, kisha lijaze rangi nyeupe kwenye leya mpya chini ya maandishi. Kivuli kitoke kwenye leya hiyo nyeupe, kiangukie upande mmoja tu, kulia na chini. Nimeona tagi ambazo jina lina kivuli cha kulia na ua lina cha kushoto. Mtazamaji hawezi kukuambia kasoro iko wapi, ila anahisi picha haijatulia. Chini ya jina acha mstari mmoja wa maneno, kwa mfano NENDA SALAMA MWANETU. Mmoja unatosha.

Wanaotaka tagi inayometameta huwa nawapa GIF, aina ya faili la picha inayocheza, ila nawaeleza mapema: GIF inabeba rangi 256 tu, na kila pikseli ama inaonekana ama haionekani, hakuna katikati. Kivuli laini kitatoka na ukingo wa kuparuza, hivyo kwenye GIF kivuli nakiondoa kabisa.

Kabla hujaituma, punguza nakala yake mpaka upana wa pikseli 150 uitazame. Jina likipotea, ongeza ukubwa wa herufi na upunguze maua. Shangazi ataifungua ndani ya daladala ya Mbagala, jua la saa saba likipiga kwenye kioo cha simu, naye ana haki ya kulisoma jina la mwanawe.

Hifadhi faili la kazi kama XCF, muundo wa GIMP yenyewe unaotunza leya zote, maandishi yakiwa bado maandishi, kwa sababu kamati itapiga simu kusema ni Zuhura, siyo Zuhra. La kutuma liwe PNG. JPEG inachafua kingo za herufi na haibebi sehemu zilizo wazi. WhatsApp nayo inabana picha, kwa hiyo mtumie mteja kama hati. Akitaka stika ya WhatsApp, tengeneza nakala ya pikseli 512 kwa 512 katika WebP, isiyozidi kilobaiti 100. Hapo pindo la pembeni litakuwa dogo mno, liondoe, bakiza jina na korosho moja.