Je, wajua? Arosto ya pombe huua kuliko arosto ya unga (heroini)

Utotoni mwangu Ujiji tulikuwa na jirani, fundi wa nyavu, aliyekunywa gongo asubuhi, mchana na usiku. Ramadhani ikiandama, anaacha kabisa. Mwaka mmoja, siku ya tatu ya mfungo, alianza kuwakimbiza siafu ukutani. Siafu hawakuwapo. Jasho lilimtoka, mikono ikatetemeka hata uji wa futari ukamwagika wote, akawa anawaita watu waliokwishakufa. Mtaa uliafikiana kwamba ni jini: lilizoea gongo, sasa limenyimwa, limekasirika.

Niliamini hivyo miaka mingi. Nilipoachana na jini nikahamia kosa la pili, ambalo naona ndilo limeenea zaidi: kwamba arosto, yaani mateso ya kukatisha ghafla kilevi ulichozoea, ya kuogopwa ni ya unga, ila ya pombe ni kiu na hasira tu. Pengine ni kwa sababu unga ndio unaotangazwa. Tangu 2011, ilipoanza kutolewa hospitali ya Muhimbili, methadoni, dawa ya kuwasaidia walioathirika na heroini, imesikika sana nchini.

Mambo ni kinyume. Anayeacha heroini ghafla hutapika, huharisha, mifupa humuuma, usingizi hauji. Hutamani kufa, lakini akipewa maji ya kutosha kwa kawaida hafi. (Hatari kubwa huja baadaye: mwili umeshausahau unga, naye akirudia kipimo cha zamani pumzi hukata.) Mnywaji wa kutwa akikatisha pombe anaweza kuanguka kifafa ndani ya siku mbili, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka. Hali hiyo madaktari huiita deliriamu tremensi, nayo isipotibiwa yaweza kuua.

Chukua baiskeli ya mzigo inayotoka Ujiji kwenda Mwanga, hapo hapo Kigoma. Ubongo una breki, kemikali iitwayo gaba, na una pedali, glutameti. Pombe ni mtu aliyedandia keria na kuburuza miguu chini: huongezea breki nguvu, huzipunguzia pedali. Akidandia siku moja, unachelewa tu. Akidandia kila siku kwa miaka, dereva hubadilika. Hulegeza breki zake, maana yupo wa kuburuza miguu, na hukanyaga pedali kwa nguvu zaidi ili afike. Kwa nje mwendo ni wa kawaida. Ndiyo maana jirani yetu alishona nyavu vizuri akiwa amekunywa. Siku mdandiaji akiruka, breki zimelegea na miguu bado inakanyaga vilevile. Unga hudandia kwingine, kwenye vipokezi vya maumivu na pumzi.

Kwa hiyo tiba ni kupandisha mdandiaji mwingine. Diazepamu hubana breki ileile, kisha hushushwa polepole kwa siku kadhaa. Mgonjwa huchomwa pia vitamini B1, ambayo walevi wa muda mrefu hupungukiwa, na huchomwa kabla ya dripu ya sukari.

Si kila anayeacha hufika huko. Deliriamu huwapata takriban 5 kati ya 100. Aliye hatarini zaidi ni yule aliyewahi kuipata, au kuanguka kifafa. Husemwa pia kwamba kila kuacha na kurudia hufanya arosto inayofuata kuwa kali zaidi. Kwa panya ushahidi ni mzuri. Kwa binadamu umeegemea zaidi historia za wagonjwa.

Jirani yetu aliacha na kurudia kila mwaka. Ramadhani za mwanzo alitetemeka tu. Siafu walikuja baadaye.