Chaza wa Shingo Ndefu: Maswali Mnayoniuliza, na Lile Mnalochelewa Kuuliza

Mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura katika jimbo la Washington, Marekani, mzaliwa wa Tanga. Kila kiangazi, maji ya bamvua yanapokupwa mchana, ndugu zetu hubeba ndoo na majembe kwenda pwani za Puget Sound kuchimba chaza, akiwemo yule wa shingo ndefu aitwaye geoduck. Wengi hurudi na kitoweo. Wachache huletwa kwetu usiku, na karibu kila anayewaleta huniambia sentensi ileile: "Lakini tulipika vizuri." Nimechoka kuisikia, ndiyo maana naandika.

Huyu geoduck ni mnyama gani hasa?

Ni chaza mkubwa anayejizika mchangani, na jina hutamkwa "guidaki". Hana uhusiano na bata, ingawa maandishi yake huwadanganya wanaojua Kiingereza. Jina limetoka katika lugha ya Lushootseed ya wenyeji wa asili wa huku. Gamba lake ni dogo kuliko mwili, kwa hiyo shingo, yaani mrija anaovutia maji, hubaki nje muda wote na inaweza kufika mita moja. Ndiyo hiyo inayowafanya watu wacheke kisogoni sokoni. Wengi huwa na uzito wa karibu kilo moja, na wapo walioishi zaidi ya miaka 100.

Analiwaje?

Humwagiwa maji ya moto kwa sekunde chache, ngozi ya shingo ikavuliwa kama soksi, kisha nyama hukatwa vipande vyembamba. Wajapani humla mbichi, Wachina humtumbukiza kwenye mchuzi unaochemka mezani. Nyama yake inalia menoni, tamu, na bei yake ni kali kwa sababu nyingi husafirishwa ikiwa hai kwenda China na Hong Kong.

Ni kweli anaongeza nguvu za kiume?

Hapana. Kafanana tu. Kama una tatizo hilo, njoo upimwe sukari na presha.

Sasa hatari iko wapi?

Chaza hula kwa kuchuja maji. Baharini kuna vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na baadhi hutengeneza sumu iitwayo saksitoksini. Vikizaliana kwa wingi, chaza huvimeza na sumu hujikusanya mwilini mwake. Yeye haimdhuru. Wewe inakudhuru, kwa kuzuia mishipa ya fahamu isipeleke taarifa kwenye misuli. Misuli ya kupumulia ikikosa taarifa, mtu hukosa pumzi akiwa macho na akili zake timamu.

Aliyekulia pwani yetu anamjua bunju na anajua kwa nini wazee hawamgusi. Sumu ya bunju na hii hufanya kazi kwa njia moja: hufunga mlango uleule kwenye mshipa wa fahamu. Ajabu ni kwamba mtu anayemwogopa bunju kama shetani huja hapa akala chaza wa ufuo wowote bila kuuliza.

Nikichemsha sana, sumu inakufa?

Haifi. Sumu hii si mdudu, haina uhai wa kutolewa. Chemsha dakika tano au saa mbili, sumu ipo, na nyingine inaingia kwenye mchuzi unaoumimina juu ya wali.

Na nikikaanga hadi ikauke?

Ipo.

Nikiigandisha kwenye friza wiki nzima? Nikiloweka kwenye limau, siki, chumvi, pilipili?

Ipo, ipo, ipo. Limau linaongeza ladha. Hayo ndiyo mamlaka yake.

Mbona tumefundishwa kwamba moto unaua kila kitu?

Mmefundishwa sawa kuhusu vijidudu. Kuna bakteria waitwao Vibrio wanaopenda maji ya joto ya kiangazi. Wao huharisha na kutapisha wanaokula chaza wabichi, na moto unawaua kweli. Kwa hiyo pika, sikukatazi. Lakini moto umemaliza kazi ya Vibrio tu. Saksitoksini imekaa palepale inakungoja. Mkichanganya mambo haya mawili, ndipo tunapokutana usiku.

Maji yalikuwa safi, hayakuwa mekundu. Hiyo si dalili ya usalama?

Si dalili. Bahari inaweza kung'aa kama kioo na chaza wake wakawa na sumu ya kuua. Inaweza pia kuwa nyekundu kwa vijimea visivyo na madhara. Chaza mwenye sumu hanuki na habadiliki rangi. Habari za kijiko cha fedha kugeuka cheusi sufuriani ni hadithi, iacheni. Kinachojua ni maabara tu. Idara ya Afya ya jimbo hupima na huweka ramani mtandaoni ikionyesha ufuo upi umefungwa. Tazama ramani siku hiyohiyo unayokwenda. Ya wiki iliyopita imeshapitwa.

Wanaouza madukani na mahotelini je?

Chaza wa biashara halali hupimwa kabla ya kuuzwa, kwa hiyo hofu yangu kwao ni ndogo. Hofu yangu ni ndoo ya jirani, na yule kijana anayeuza kwenye buti la gari bila karatasi yoyote. Pia kuna sheria: lazima uwe na leseni, na kuna kikomo cha geoduck ambao mtu mmoja anaruhusiwa kuchukua kwa siku.

Matumbo yake yanaliwa?

Tupa. Kwa geoduck, sumu hukaa zaidi kwenye lile fundo la matumbo kuliko kwenye shingo. Najua sisi ni watu wa utumbo na hatupendi kutupa kitu, na najua kuna wanaolipikia supu. Tupa. Na usinielewe vibaya: kutoa matumbo hakumfanyi chaza wa ufuo uliofungwa awe salama.

Dalili zinaanzaje?

Midomo na ulimi huanza kuchomachoma, kisha hufa ganzi kama umetoka kwa daktari wa meno. Ganzi hupanda usoni, huteremka vidoleni. Wengine husema wanajiona wanaelea. Halafu miguu inapepesuka, maneno yanakuwa mazito, kumeza kunakuwa kazi, na mwisho pumzi. Huweza kuanza dakika chache tu baada ya kula, mara nyingi ndani ya saa mbili.

Hapa kuna kosa ninaloliona mno. Mgonjwa anayumba na ulimi mzito, shemeji yake anasema, "Huyu kalewa, mwacheni alale." Kama kala chaza, msimwache alale. Akizimika pumzi chumbani peke yake, nani atajua?

Tumpe maziwa? Mkaa? Dafu?

Msimpe kitu mdomoni. Kumeza kwenyewe kunaharibika, mtampalia. Msimtapishe kwa vidole. Pigeni 911, semeni wazi: "Amekula chaza, midomo imekufa ganzi." Maneno hayo mawili, chaza na ganzi, hutuokolea muda mwingi. Na asijiendeshe gari mwenyewe.

Tungoje kidogo tuone kama itapita?

Msingoje. Ganzi ya midomo baada ya kula chaza ndiyo kengele, na nyuma yake mna saa chache tu, pengine pungufu. Mwaka 1793, mabaharia wa msafara wa nahodha Mwingereza George Vancouver walikula kome asubuhi kwenye pwani ya British Columbia, Kanada. Mmoja wao, John Carter, alikuwa amekufa mchana wa siku hiyohiyo, na pale mahali hadi leo panaitwa Poison Cove, yaani hori la sumu. Carter hakuwa na hospitali ya kukimbilia. Wewe unayo, halafu unakaa sebuleni unakunywa maziwa na kupima kama ulimi umerudi!

Hospitali mna dawa ya kuiondoa?

Hakuna dawa inayoivunja. Tulicho nacho ni mashine ya kupumulia, nayo inatosha kwa anayewahi. Tunapumua badala yake huku mwili ukiitoa sumu kwa mkojo. Akivuka muda wa saa 12 hadi 24, kwa kawaida hupona kabisa na huondoka kwa miguu yake. Aliyeacha kupumua nyumbani, mashine yangu haimfikii.

Mabaki yaliyobaki sufuriani tufanye nini?

Yafungeni kwenye mfuko mje nayo, maabara watayahitaji, pamoja na jina la ufuo mlikochimba. Halafu mpigieni simu kila aliyekula pamoja nanyi, hata aliyebeba sahani akaenda nayo kwake. Mwulizeni swali moja: midomo yako ikoje?