Je, wajua kwa nini kanga za gizani hazifanani?

Kati ya Desemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa gizani karibu miezi mitatu, baada ya kukatika umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari. Kwetu kibatari kilikuwa kimoja, na alfajiri kilikuwa jikoni. Siku moja ukatokea msiba jirani. Bibi akatia mkono sandukuni, akavuta kanga mbili, moja akajifunga, moja akajitanda, huyo akatoka. Kulipokucha ndipo watu wakaona: kiunoni maua mekundu na “Wema hauozi”, kichwani korosho za buluu na “Hasidi hana sababu”. Mbele ya wafiwa! Yeye alilaumu giza. Mimi nalaumu hesabu.

Sandukuni mlikuwa na doti tano. Doti ni kanga mbili zilizo sawa kwa rangi, pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maneno yaliyoandikwa), lakini zikishakatwa na kupindwa, bibi alizikunja moja moja. Kwa hiyo kanga kumi. Ukivuta mbili bila kuona, uwezekano wa kupata doti kamili ni upi?

Uliza barazani, wengi watakwambia moja ya tano, kwa kuwa doti ni tano. Hakosekani wa kusema nusu kwa nusu: ama zitafanana ama hazitafanana. Huyu ndiye anayenikera zaidi. Mvuvi wa Nungwi naye ama atapata jodari ama atamkosa, lakini hutamsikia akisema ni nusu kwa nusu.

Kanga ya kwanza haina kosa. Yoyote utakayoishika ni sawa, maana hiyo ndiyo itakayotafutiwa mwenziwe. Zimebaki tisa, na katika tisa hizo inayofanana nayo ni moja tu. Jibu ni moja ya tisa, kiasi cha asilimia 11. Kwa Kiswahili cha zamani huitwa tusui, fungu lisilokuwamo katika mafungu ya msingi ya mirathi, ambayo ni nusu, robo, thumni, theluthi, theluthi mbili na sudusi. Anayesema moja ya tano amehesabu doti, ilhali mkono gizani haushiki doti, hushika kanga.

Asiyeamini na apite njia ndefu. Kila moja ya kanga kumi inaweza kuandamana na tisa nyingine, hiyo ni 90, ila kila jozi imehesabiwa mara mbili, basi jozi ni 45. Zilizo doti kamili ni tano. Tano katika 45 ni ile ile moja ya tisa. Na kama bibi aliitaka doti fulani, ile ya kwendea misibani, basi nafasi yake ilikuwa moja katika 45.

Utamu unakuja ukivuta zaidi ya mbili. Hapo ni rahisi kuhesabu kukosa kuliko kuhesabu kupata. Kwa kanga tatu, ili zote zitofautiane, ya pili iikwepe ya kwanza (nafasi 8 katika 9), kisha ya tatu izikwepe zote mbili (6 katika 8). Zidisha, utapata theluthi mbili za kukosa, na theluthi moja ya kupata doti. Vuta ya nne, ambayo ina nafasi 4 katika 7 za kukwepa, na kupata kunapanda hadi asilimia 62. Ya tano, asilimia 87. Ya sita haina pa kujificha: doti ni tano tu, lazima iangukie kwa mwenziwe. Bibi angebeba kanga nne tu hadi jikoni kwenye kibatari, huenda tusingekuwa na la kucheka.

Dhumna ni kisa kingine. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, pembeni ya birika la kahawa, vipande ni 28, kila kimoja na nambari mbili, moja kila upande, kutoka tupu hadi sita. Okota viwili: uwezekano wa kuwa vinaungana, yaani vina nambari inayofanana, ni upi? Huku cha kwanza kina neno lake. Ukiokota sita-sita, vinavyoungana nacho ni sita tu kati ya 27 vilivyobaki. Ukiokota sita-tano, ni 12: sita vyenye sita, na sita vyenye tano. Vya aina ya sita-sita, vyenye nambari ile ile pande zote mbili, ni saba, robo ya vyote. Vingine ni robo tatu. Robo ya 6/27 ukijumlisha na robo tatu ya 12/27 unapata 7/18, karibu asilimia 39.

Wakicheza wanne, wawili kwa wawili, kila mtu huchukua saba na mezani hakibaki kitu. Vyako unaviona, hivyo usivyoviona ni 21, na saba kati yake viko kwa mwenzako wa mbele. Kabla ya mchezo kuanza, kipande unachokitamani kiko kwake kwa theluthi moja, na kwa wapinzani kwa theluthi mbili. Kikishapigwa mezani kipande cha kwanza, 21 si 21 tena. Ndiyo maana yule mzee anayekaa kimya, kikombe mkononi, haangalii vipande vyake. Anatazama vilivyolala mezani.