Kutafuta na kufungasha mafaili kwa amri: yanayosemwa na yalivyo

"Terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ni ya waandishi wa programu." Hata kidogo. Karani mwenye folda iliyojaa barua na risiti za miaka mingi ndiye anayeihitaji zaidi, na amri mbili zinamtosha kuanzia: `find` ya kutafuta na `tar` ya kufungasha mafaili mengi yawe faili moja. Kwenye Linux na Mac zote mbili zimo tayari. Windows 10 nayo ilipata `tar` mwaka 2018, ila `find` yake ni kitu kingine kabisa: hutafuta maneno yaliyomo ndani ya faili, si faili lenyewe.

"`find` haiaminiki. Faili lipo, yenyewe inasema halipo." Lawama hii huwa haina haki. Tazama mtu anavyoandika:

`find . -name *.pdf`

Kabla `find` haijaanza kazi, shell, yaani programu inayosoma amri zako ndani ya terminali, huiona ile nyota na kuitafsiri yenyewe. Kama folda uliyosimama ina `barua.pdf` peke yake, amri inageuka kimyakimya kuwa `find . -name barua.pdf`. PDF nyingine zote zilizo kwenye folda za ndani zinaachwa, na hakuna onyo lolote. Zikiwa PDF mbili au zaidi hapo uliposimama, unapata ujumbe wa kosa, na afadhali hivyo, maana angalau unajua kuna tatizo. Dawa ni alama za nukuu:

`find . -iname '*.pdf'`

Hiyo `-iname` badala ya `-name` ni kwa sababu baadhi ya skana huandika `.PDF` kwa herufi kubwa, na `-name` huzihesabu herufi kubwa na ndogo kuwa vitu tofauti.

Kuna na hili la siku. Kwenye Linux, `-mtime +30`, sharti la kutafuta mafaili ambayo hayajaguswa kwa zaidi ya siku 30, haileti faili lililobadilishwa siku thelathini na nusu zilizopita. Hesabu huchukua saa 24 kamili kamili na kutupa kipande kinachobaki, kwa hiyo faili halina budi kufikisha siku 31.

"`tar` inapunguza ukubwa wa mafaili." Peke yake, haipunguzi. Ilikuja na toleo la 7 la Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, mwaka 1979, kazi yake ikiwa kupanga mafaili mfululizo kwenye tepu za sumaku. Kubana ni kazi ya programu nyingine, kama gzip iliyotoka mwaka 1992, na `tar` huiita pale unapoweka `z`:

`tar -czf barua.tar.gz barua/`

Usitarajie maajabu kwenye picha za JPEG na video za MP4. Hizo zimeshabanwa tangu zilipotengenezwa. Maandishi matupu ndiyo yanayosinyaa kweli.

"Herufi hizo panga utakavyo." Ukiandika `-cfz`, utakuta faili jipya linaloitwa `z`. Neno linalofuata `f` ndilo jina la furushi, basi `f` ikae mwisho.

"Nikishafungasha, nafuta ya zamani." Kwanza soma kilichomo: `tar -tzf barua.tar.gz`. Kisha peleka nakala kwenye diski nyingine, kwa kuwa furushi lililo kwenye diski ileile litakufa nayo.

"Nikikosea, nitayakuta kwenye kapu la taka." Hapa sina mzaha. Kinachofutwa kwa `find` hakipitii kapu lolote. Tena `find` husoma masharti kuanzia kushoto: `find . -name '*.tmp' -delete` inafuta mafaili ya muda tu, lakini ukitanguliza `-delete` kabla ya `-name`, inafuta kila kitu kilichomo kwenye folda hiyo. Endesha amri bila `-delete`, soma orodha yote hadi chini, ndipo uiongeze, tena mwishoni.