Bango la kaulimbiu ya darasa: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Kila Januari walimu wengi wa darasa hununua manila na maka peni, huandika kaulimbiu, huibandika ukutani, na kabla muhula haujafika katikati hakuna mtoto anayeitazama. Lawama huwaangukia watoto. Naamini kosa liko kwenye bango, kwa sababu tunaliandika kwa kufuata mambo tunayoyadhania tu.

Dhana: Kaulimbiu nzuri hugusa kila kitu.

"Sisi wa darasa la tano tunaahidi kusoma kwa bidii, kuwa safi, kuwa na nidhamu na kuwaheshimu wakubwa." Hicho ni kiapo. Kaulimbiu ni kitu ambacho mtoto anaweza kukitamka kwa pumzi moja akiwa anakimbilia mstarini. Tanzania ina mifano bora kabisa ya jambo hili. Wakati wa uhuru, mwaka 1961, watu waliambiana "Uhuru na Kazi". Mwaka 1973 ikaja kampeni ya afya iliyoendeshwa kwa redio na vikundi vya kusikiliza vijijini, "Mtu ni Afya", na mwaka 1975 ikafuata "Chakula ni Uhai". Maneno matatu matatu. Hata asiyejua kusoma aliyashika, na wazee wanayakumbuka hadi leo. Darasa likikaa pamoja likachagua jambo moja tu la kulishughulikia muhula huu, maneno matatu au manne yanatosha.

Dhana: Nikilisoma vizuri nikiwa nimelisimamia, hata wa nyuma atalisoma.

Hapa ndipo mabango mengi yanapokufa. Kwenye kipimo cha kawaida cha macho, herufi ndogo kabisa ambayo jicho zima hutarajiwa kuitambua kutoka mita 6 ina kimo cha karibu milimita 9. Huo ni mpaka wa mwisho wa jicho, tena kwenye mwanga mzuri. Kusoma bila kukaza macho kunahitaji herufi kubwa kuliko hiyo mara kadhaa. Kanuni inayotumiwa na waandishi wa mabango ni sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Dawati la mwisho likiwa mita 8 kutoka ukutani, herufi zinataka karibu sentimita 7.

Sasa piga hesabu. Karatasi ya ukubwa wa A1 iliyolazwa ina upana wa milimita 841. Ukiacha pambizo, na kila herufi ikachukua sentimita 5 pamoja na nafasi yake, mstari mmoja unabeba herufi 15 hivi. "Mtu ni Afya" inaingia vizuri. Kile kiapo cha darasa la tano hakiingii, na ndiyo maana mwandishi huanza kwa herufi nene kushoto, akamalizia kwa herufi zilizobanana kulia. Piga mistari kwa penseli, hesabu herufi na nafasi, tafuta ya katikati, ndipo ushike wino.

Dhana: Herufi kubwa tupu husomeka vizuri zaidi.

Zinavutia macho, ndiyo, lakini maandishi yote yakiwa hivyo kila neno linakuwa na umbo la boksi. Watoto wa darasa la kwanza na la pili wamezoea herufi ndogo za vitabuni, kwa hiyo waandikie hizo, na herufi kubwa ibaki mahali pake. Uingereza ilipojenga barabara yake ya kwanza ya magari ya kasi, Preston Bypass, iliyofunguliwa mwaka 1958, majina ya miji kwenye vibao yaliandikwa kwa mchanganyiko huo huo, ili dereva ayasome akiwa mwendoni.

Na tafadhali, ritifaa, ile alama ya juu katika ng', isisahaulike. "Tungare" ukutani humfundisha mtoto kosa kwa mwaka mzima.

Dhana: Aandike mwenye mwandiko mzuri kuliko wote.

Mara nyingi huyo ni mwalimu mwenyewe. Lakini bango hili linazungumza kwa niaba ya watoto. Mwalimu apige mistari na kuandika kwa penseli, watoto wapokezane maka peni kufuatisha juu yake. Herufi iliyopinda kidogo haimzuii mtu kusoma, na mtoto aliyeiandika ataionyesha kwa mama yake siku ya kikao cha wazazi.

Dhana: Ukuta uliojaa mabango na rangi hufundisha zaidi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walilipima hili mwaka 2014 kwa watoto 24 wa chekechea. Katika darasa lililosheheni mapambo watoto walikuwa nje ya somo asilimia 38.6 ya muda. Kuta zilipokuwa tupu, asilimia 28.4. Pia walijifunza machache palipojaa mapambo kuliko penye kuta tupu. Watoto 24 ni wachache, lakini inatosha kutufanya tuuachie ukuta nafasi ya kupumua. Rangi mbili nzito zinatosha, nyeusi na bluu kwa mfano. Njano juu ya manila nyeupe haionekani kabisa kutoka nyuma.

Dhana: Selotepu inatosha.

Kwenye ukuta wa chokaa hubanduka na vumbi lake. Gongomea papi nyembamba juu na chini ya manila, funga kamba, tundika. Litundike mbali na dirisha lenye jua kali, maana jua hufifisha wino. Muhula ukiisha, lishushe mwandike jingine.