Seva ya PostgreSQL: yanayosemwa na yalivyo

Dhana: seva ina RAM ya GB 16, basi PostgreSQL ipewe GB 12.
PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata, husoma faili zake kupitia mfumo endeshi, nao mfumo endeshi huweka kilichosomwa kwenye RAM iliyobaki. Ukiubana, ukurasa uleule unakaa mahali pawili na diski ndiyo inayohenyeka. Anza na robo, yaani `shared_buffers` (kigezo cha memori ambayo PostgreSQL inajitengea) ya GB 4. Kupita asilimia 40 ni nadra kusaidia. MB 128 inayokuja na programu ni ndogo kwa seva ya kazi. Ukishaibadilisha, washa huduma upya, maana kupakia mipangilio tu hakutoshi kwa kigezo hiki. (MySQL, programu nyingine ya kanzidata, ina desturi yake: kigezo chake cha memori, `innodb_buffer_pool_size`, huweza kufika hata asilimia 80 kwenye mashine isiyo na kazi nyingine. Ushauri wa kule usiulete huku.)

Dhana: `work_mem` ni kiasi cha seva nzima.
Hapa ndipo seva nyingi zinaangukia. Kiasi hicho cha memori ni cha kila hatua ya kupanga mistari au ya hashi (njia ya kutafuta mistari inayolingana), ndani ya kila swali. Chukua chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu siku ya malipo: makarani 40 wamefungua ripoti moja, ripoti ina hatua 3 za kupanga, na fundi ameweka MB 256. 40 × 3 × 256 ni MB 30,720, kwenye mashine ya GB 16! Memori ikiisha, Linux inaua mchakato mmoja wa PostgreSQL. Mchakato mkuu, kwa kuhofia kwamba memori ya pamoja imechafuka, unakata miunganisho yote, na makarani wote wanatupwa nje. Baki na MB 4 ya awali, au panda hadi 16. Ripoti nzito ipewe yake ndani ya muamala wake (kundi la amri zinazotekelezwa kama kitu kimoja): `SET LOCAL work_mem = '256MB';`.

Dhana: seva ikikataa wateja, ongeza `max_connections`.
Kila muunganisho ni mchakato mzima. Weka mbele PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho, wateja 300 wapokezane miunganisho 20.

Dhana: tuna UPS (betri ya akiba umeme ukikatika), kwa hiyo `fsync` tuizime seva iende kasi.
Kasi utaiona, hilo ni kweli. Lakini `fsync` ndiyo inayoilazimisha diski ithibitishe kwamba imeandika. Bila hiyo, umeme ukikatika katikati ya kazi, kurasa hubaki nusu-nusu na faharasa huelekeza kwenye mistari isiyopo. Wala UPS si kinga kamili: joto la Dodoma la Oktoba na Novemba huzeesha betri mapema kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, vumbi la kiangazi huziba feni, na mfumo endeshi unaweza kuganda hata umeme ukiwepo. Anayetaka kasi azime `synchronous_commit`, yaani kila muamala usisubiri diski ithibitishe. Seva ikianguka atapoteza miamala ya chini ya sekunde moja ya mwisho, ila kanzidata itabaki nzima. Kwa daftari la mahudhurio inavumilika. Kwa fedha za watu, hapana.

Dhana: ukifuta mistari, diski inapata nafasi.
Nafasi hubaki ndani ya faili itumike tena. Kuirudisha kwa mfumo endeshi kwa kawaida kunahitaji `VACUUM FULL`, ambayo hufunga jedwali hata kwa wasomaji na kuliandika upya kwenye faili jipya linalohitaji nafasi yake; diski ikishajaa umechelewa.

Dhana: seva ya pili inanakili kila kitu, bekapu ya nini?
Inanakili kila kitu, na `DROP TABLE` (amri ya kufuta jedwali) ya bahati mbaya imo. Kunakili folda ya data kwa `cp` seva ikiwa kazini nako si bekapu. Endesha `pg_dump -Fc` kila usiku, pamoja na `pg_dumpall --globals-only`, kwa sababu ya kwanza haibebi watumiaji wala nywila zao. Kwenye cron, ratiba ya kazi ya Linux, `0 2 * * *` ndiyo saa nane usiku. Aliyeandika 8 amepanga bekapu saa mbili asubuhi, foleni ikiwa imeshafika dirishani; na kama saa ya seva ni UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa tatu, ile 2 inaangukia saa kumi na moja alfajiri. Faili litoke nje ya jengo. Kila mwezi lirejeshe kwa `pg_restore` kwenye kanzidata tupu, hesabu mistari ya jedwali la malipo, kisha linganisha na ripoti ya siku bekapu ilipochukuliwa.