“Betri si Betri tu, Fundi?” na Mengine Ninayoulizwa na Wanaoishi Botini

Juzi nimeulizwa tena. Nilikuwa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, natafuta vichwa vya betri, simu ikaita: “Fundi, hapa dukani kuna betri za gari mpya, N70, bei nzuri kabisa. Nichukue mbili za friji? Betri si betri tu?”

Nafunga umeme wa boti, hasa zile zinazotia nanga Msasani na Kunduchi, na katika maswali yote ya wateja hili ndilo linalonimalizia uvumilivu. Hapana. Betri si betri tu.

Betri ya gari ilitengenezwa kwa kazi moja, kuzungusha starta. Starta inavuta mamia ya ampia kwa sekunde chache, injini inashika, oltaneta, ile dinamo ya kuchaji, inarudisha kilichotoka. Kwa hiyo pleti zake, yaani vibamba vya madini ya risasi vilivyo ndani, ni nyembamba na nyingi, ili umeme utoke kwa kishindo. Friji haina haja na kishindo. Inataka ampia nne hivi, usiku kucha, na kesho tena. Ukizikamua pleti nyembamba namna hiyo, risasi yake inamomonyoka na kutuama chini kama tope, na kilichobaki juu kinaganda salfeti nyeupe. Betri ambayo kwenye daladala ingedumu miaka, kwenye boti yenye friji haivuki msimu wa kusi. Unachotaka ni betri ya sola, ile wanayoiita dipu saiko, yenye pleti nene. Ukitaka kujua unauziwa nini, inyanyue. Mbili za ukubwa mmoja, moja nyepesi waziwazi: irudishe hiyo nyepesi ilipotoka.

Kuna mume na mke waliohamia botini mwaka jana. Walinipigia kuhusu friji mbovu, na walipopiga walikuwa wameshanunua ya pili, nayo “mbovu” vilevile. Nikafika saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda kwenye paneli za sola, maana huo ndio wakati betri haiwezi kukudanganya. Samaki, changu waliowanunua soko la Feri jana yake, walikuwa wamelegea, maji ya barafu yanatiririka hadi kwenye ngama, pale chini kabisa ya boti panapokusanyika maji. Nikaweka mita: volti 10.8. Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7, ikifika 12.2 imebaki nusu, na chini ya 12 unaitafuna betri yenyewe. Friji za volti 12 hujizima umeme ukishuka sana ili kuilinda kompresa. Kwa hiyo friji zote mbili zilikuwa nzima, zenye akili kuliko aliyeziunganisha.

“Lakini fundi, betri hii ina miezi minne tu,” dada akasema.

Nikafungua vifuniko. Maji ya betri yanatakiwa yawe maangavu kama ya kunywa. Haya yalikuwa ya kahawia kama chai ya rangi, na yananuka mayai viza. Ndizo pleti zilizomomonyoka. Sikuwa na la kuongeza.

Hesabu yenyewe ni ya karatasi moja, na ningeomba watu waifanye kabla ya kwenda dukani, si baada. Friji ya ampia nne, kwa joto la Dar, hufanya kazi karibu nusu ya siku: saa 12 mara 4, ni ampia-saa 48. Feni mbili, taa, pampu ya maji na kuchaji simu, weka 20. Jumla 68. Betri ya risasi hupaswi kuishusha chini ya nusu, hivyo N70, yenye ampia-saa 70, inakupa 35 tu. Hiyo ni kama nusu tu ya unachohitaji kwa siku. Kwa familia ndogo yenye friji mimi siweki chini ya ampia-saa 200 za betri ya risasi, na ile ya kuwashia injini naitenga kabisa, na swichi yake. Usiku wa upepo, nanga ikianza kuburuta, hutaki kugundua kwamba starta imenyang'anywa umeme na soda za baridi.

Na tafadhali usiziweke chumba cha injini kwa sababu “kuna nafasi”. Kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hukata uhai wa betri ya risasi karibu nusu. Joto la Dar lenyewe limeshakula sehemu yake.

Dhana pacha: “Nitawasha injini saa moja, itajaa.” Haijai. Betri ya risasi hupokea haraka mwanzoni, lakini ile asilimia 20 ya mwisho inaingia taratibu mno, kwa saa kadhaa, hata ukiipigia kelele. Utachoma dizeli, utawaudhi majirani, na salfeti itaendelea kuganda. Hiyo ya mwisho mwachie jua.

Lithiamu? Nzuri, nyepesi, unaitumia asilimia 80 bila woga. Ila wanaoambiwa “toa ya zamani, chomeka hii” wanaunguza oltaneta, kwa kuwa lithiamu inapokea kila inachopewa na oltaneta haijui kupumzika. Weka kati yao chaja ya kupunguza mvuto wa umeme. Kama bajeti haitoshi kwa chaja hiyo, baki na risasi.

Mengine kwa haraka.

Paneli ya wati 200 haikupi wati 200. Ikiwa imelala bapa juu ya paa, kila wati 100 tegemea ampia-saa 25 hadi 30 kwa siku nzuri. Wakati wa masika usitegemee hata hizo. Kivuli cha mlingoti nacho kinapunguza sana kuliko kinavyoonekana.

“Stenlesi ya kweli haishiki sumaku.” Sumaku haiwezi kukutofautishia ya jikoni na ya baharini, mara nyingi zote mbili huiachia. Soma kichwa cha bolti: A2 ni ya nchi kavu, itatoa machozi ya kutu. A4 ndiyo yako. Kama haina maandishi, sinunui.

Waya wa nyumba, ule wa uzi mmoja mgumu, hukatika ndani kwa mtetemo wa injini huku nje ukionekana mpya. Nunua wa nyuzi nyingi, ikiwezekana zilizopakwa bati, halafu mnene kuliko unavyodhani. Volti 12 huchoka njiani.

Friji ya kufungulia juu ni bora kuliko ya mlango wa mbele. Hewa ya baridi ni nzito, ukifungua mlango inamwagika miguuni. Wake kwa waume hunibishia hapa kwa sababu ya urembo, nami nimeacha kubishana.

Gesi ndiyo sifanyii mzaha. “Nyumbani mtungi upo jikoni, kwa nini boti isiwe hivyo?” Kwa sababu nyumbani ikivuja inaweza kupata njia ya kutokea chini ya mlango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Kwenye boti inashuka hadi ngama na kukaa humo, ikisubiri cheche ya pampu. Mtungi unakaa nje sitahani, au kwenye sanduku lake lenye tundu la kutolea gesi baharini, juu ya mstari wa maji. Ukiniita kufunga taa nikaukuta chini ya ngazi, nitautoa kwanza, ndipo tuzungumze taa.